Kamera ya Marehemu Baba

Chini ya kitanda cha mama yangu, huko Magomeni, palikuwa na sanduku la bati ambalo halikufunguliwa tangu Baba alipofariki mwaka 1998. Siku moja mwaka 2023 Mama aliniagiza nilitoe nje, maana mchwa walikwisha kuanza kuonja miguu ya kitanda. Ndani nilikuta hati za kiwanja, kofia ya vito, redio isiyolia na, katika mkoba wa ngozi uliokakamaa, kamera aina ya Yashica Electro 35 GSN.

Wasomaji wa umri wangu huenda wanazikumbuka. Kamera za ukoo huu zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1966, na hii ya GSN ilitoka mwaka 1973. Ni pande la chuma lenye uzito wa takriban robo tatu ya kilo. Lenzi yake ya milimita 45 imekazwa papo hapo, haitoki wala haibadilishwi, hivyo anayetaka kumsogelea mtu hana budi kutumia miguu yake. Baba, aliyekuwa karani bandarini, aliinunua kwa baharia mmoja mwaka 1976, kwa fedha ambazo Mama anadai hadi leo kuwa zilikuwa za cherehani yake.

Sikuwa na haja ya kamera. Simu yangu inapiga picha vizuri, na asiniambie mtu kwamba kamera ya miaka 50 inaishinda kwa kila jambo, kwani si kweli. Lakini mwaka 2019 simu niliyokuwa nayo wakati huo iliibwa ndani ya daladala, na pamoja nayo zikapotea picha za miaka miwili ya kwanza ya mwanangu wa tatu. Hatuna hata moja. Ilhali picha za Baba, zile za rangi nyeusi na nyeupe zilizobandikwa katika albamu, zipo zote, hata ile niliyopigwa nikiwa uchi katika beseni, ambayo Mama humwonyesha kila mgeni. Nikaamua kuijaribu.

Kwanza ilikuwa shida ya betri. Kamera hii hujipimia mwanga yenyewe na kujiamulia kasi ya kilango chake, na bila umeme hubakiwa na kasi moja tu, sehemu moja ya 500 ya sekunde. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, ya volti 5.6, nazo betri hizo hazitengenezwi tena kwa sababu ya sumu yake. Nilipanga betri nne ndogo mithili ya vifungo vya shati, kila moja volti moja na nusu, nikazizungushia karatasi ngumu na kujaza nafasi iliyobaki kwa springi ya kalamu. Nilipobonyeza kitufe nusu, taa nyekundu ikawaka. Mke wangu anasema nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Baadaye nikakwangua sponji iliyooza katika kingo za mlango wa nyuma, ile izuiayo mwanga usipenye, na mahali pake nikagandisha uzi mweusi wa sufu.

Ukichungulia katika kamera hii unaona, katikati ya kioo, doa la manjano, na ndani ya doa hilo kila kitu ni viwili. Mtu ana pua mbili. Kuna madirisha mawili mbele ya kamera, yaliyoachana kidogo kama macho yetu, na kila moja linaona kwa pembe yake. Unazungusha lenzi polepole, pua moja inaifuata nyenzake, na zinapolaliana zikawa moja, basi umbali umekwisha pimwa. Taa ya manjano ikiwaka, mwanga ni hafifu, kaza mikono. Nyekundu ikiwaka, jua limezidi, funga tundu la lenzi kidogo. Ni hayo tu. Jambo nililolipenda ni kwamba humwoni mtu kwa kupita. Huna budi kumtazama usoni mpaka awe mmoja.

Mkanda mmoja wa picha 36, aina ya Ilford HP5 Plus, niliupata kwa jamaa aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza. Nikauhifadhi kwa shughuli maalumu. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo ndugu yangu aliozesha binti yake, na Shangazi akaja kutoka Tanga kwa basi, mkongojo mkononi. Huyu ndiye pekee aliyebaki katika tumbo la Baba. Amekwisha kuvuka miaka 80, na picha zake zilizochapwa hazipo, isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho, ambamo anatazama kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Siku ya pili ya harusi tulikusanyika uani kwa Mama. Nikampiga Shangazi akiwa na Mama, wote wawili wamejifunga khanga mpya za doti moja. Nikampiga akisuka ukili, nikampiga amelishikilia shavu la mjukuu. Watoto wakanizunguka wakitaka kuziona picha nyuma ya kamera, na nikawaambia kwa fahari kwamba safari hii watasubiri. Kamera ilikwenda kwa wepesi wa ajabu. Ilipofika picha ya 36 ikaendelea, 37, 38, na nikasema moyoni kwamba Waingereza ni wakarimu.

Hapo ndipo ningalipaswa kushtuka.

Mkanda niliusafisha mwenyewe, usiku, katika bafu. Dawa hutaka maji ya nyuzi 20, nayo maji ya bomba letu siku hiyo yalikuwa nyuzi 28, basi nikaitumbukiza chupa ya dawa katika ndoo ya barafu iliyonunuliwa dukani kwa jirani. Dakika saba na nusu za dawa ya kwanza, nikitikisa kila dakika, kisha dawa ya kugandisha, kisha maji mengi. Nikaufungua mkebe, nikauinua mkanda kwenye taa. Ulikuwa mweupe kama kioo cha dirisha, toka mwanzo hadi mwisho. Pembeni tu ndipo palipoonekana jina la kiwanda na tarakimu za picha, 1, 2, 3 hadi 36, zilizochapwa kiwandani. Maana yake dawa haikuwa na kosa. Mkanda haukuona mwanga hata siku moja. Ncha yake ilichopoka katika rili siku ile nilipoutia, na muda wote nilipokuwa nikivuta, nilivuta hewa.

Niliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka mke wangu alipokuja kubisha hodi.

Kumwambia Mama kulinichukua wiki tatu. Kila nilipokwenda aliniuliza, na kila mara nikamjibu kwamba bado ziko kwenye dawa. Hatimaye nikamweleza yote, nimeinamisha kichwa kama nilivyofanya nilipovunja kioo cha kabati nikiwa darasa la tatu. Mama hakukasirika. Aliniuliza jambo moja.

"Kile kidude cha kushoto, cha kurudishia mkanda, kilikuwa kinazunguka?"

"Kidude gani, Mama?"

"Baba yako alikuwa hapigi picha ya pili kabla hajakitazama. Akivuta huku, kinazunguka kule. Kikisimama tuli, basi mkanda hauendi. Alikwisha kuwapiga maharusi wa watu bure, mwaka ule ule alioinunua. Tulirudisha fedha."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilikuona fundi."

Mkanda wa pili niliununua kwa bei ambayo sitaitaja, kwa kuwa mke wangu husoma gazeti hili. Mwezi wa Machi mwaka 2024 nilipanda basi na Mama tukaenda Tanga. Shangazi tulimkuta barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Shangazi," naye akaitikia, "Marahaba, baba," kisha akauliza zile picha ziko wapi. Mama akanitazama. Nikasema kweli. Shangazi alicheka hadi akakohoa, akasema kwamba damu ya kaka yake haijapotea, kisha akaingia ndani kubadilisha khanga, na alikawia humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Jioni ilikuwa imeingia, taa ya manjano inawaka. Niliegemeza kiwiko kwenye nguzo ya baraza. Katika doa Shangazi alikuwa wawili, na Mama kando yake wawili, nikazungusha lenzi hadi wakarejea kuwa wao. Nikabonyeza. Nikavuta, na jicho langu likaenda kushoto. Kidude kikazunguka. Mama naye alikuwa akikitazama, kutoka kule alikoketi, na akatikisa kichwa kuniruhusu niendelee.

Picha 36 zilitoka 31. Tatu nilizitikisa, mbili zina kidole changu. Studio moja ya Kariakoo ilizihamishia kwenye kompyuta na kuzichapa, na seti moja nimeipeleka Tanga kwa mkono wa kondakta wa basi. Ile ya barazani Mama ameibandika katika albamu, ukurasa unaofuata ule wa beseni. Aliikodolea macho kwa muda, akaisogeza dirishani, akaniuliza kwa nini nimemfanya mzee kiasi kile, kisha akaniambia niende dukani nikamletee gundi nyingine, kwani ile ya zamani imekauka.