Kinyama Shingoni? Usikimbilie Wembe

Huenda nawe unacho: kinyama kidogo, laini, kinachoning'inia shingoni, kwapani au kwenye kope. Mimi ninavyo vitatu, vilivyonitoka baada ya kupita umri wa miaka 40. Kila jirani ana dawa yake. Mmoja ataka nivifunge kwa uzi, mwingine anishauri nimwendee kinyozi avikate.

Sikubali, nawe usikubali. Vinyama hivi si chunjua, si saratani wala haviambukizi. Hutokea mahali ngozi inaposuguana, hasa kwa watu wanene, waja wazito na wenye umri wa makamo. Hata hivyo, ndani yake mna mishipa ya damu. Ukikikata nyumbani utavuja damu, na kidonda chaweza kuingia viini. Wembe uliotumiwa na mwingine waweza kukuletea homa ya ini au hata virusi vya Ukimwi.

Muone daktari iwapo kinyama kinakua haraka, kinabadilika rangi, kinatoka damu au kinauma. Kilicho kwenye kope usikiguse kabisa. Na vikizuka vingi, hasa ikiwa umenenepa na ngozi ya shingo imekuwa nyeusi, omba upimwe sukari, kwani mara nyingine huandamana na kisukari. Mimi nilipimwa, nikaonekana salama, basi nimeviacha vilivyo.

Kama vinakukera, daktari ataviondoa kwa dakika chache tu: atavikata kwa ganzi, atavichoma kwa umeme au atavigandisha. Kwa nini basi uhatarishe maisha kwa wembe?