Shafti ya mjomba

Mwenzenu niko Unyambwa, Singida, likizo ndefu ndio hii. Mlimani nimeiacha, ila laptopu nimekuja nayo, na wiki hii imepata kazi ya maana kuliko kutafuta maksi.

Kazi yenyewe ni shafti ya mashine ya mjomba ya kukamulia alizeti. Wa Singida mnaijua: ina msokoto unaosukuma mbegu mbele, nafasi inazidi kubana mpaka mafuta yanachuruzika na mashudu yanatokea mwisho. Sasa imelika. Mjomba akanunua nyingine dukani, ikagoma kuingia kwenye beringi. Na wateja wenye magunia yao hawasubiri mtu, wakihamia kwa jirani ndio basi, msimu umekwenda. Imebidi ichongwe mpya.

Kuna washikaji wa fani nyingine huwa wananitania, eti sisi wa uhandisi tunachora tu kwenye kompyuta. Sio kuchora tu jamani! Mwaka 1963 pale MIT, Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad: unagusa kioo kwa kalamu ya mwanga, mstari unatokea, unauvuta nao unakufuata. Ila ile ilikuwa mistari. Na umbo la mistari mitupu ni kama nyumba ya miti na fito kabla haijakandikwa udongo. Unaona mpaka upande wa pili, hujui ukuta utakuwa wapi na mlango wapi. Miaka ya 1970 ndipo akina Ian Braid kule Cambridge, na Herbert Voelcker na Aristides Requicha kule Rochester, wakaifundisha kompyuta kitu kizima: ndani ni wapi, nje ni wapi, chuma kinaishia wapi.

Utamu wake ndio huu. Chukua mcheduara wa chuma, kipenyo milimita 80, urefu 600. Iambie programu kwamba mita moja ya ujazo ya chuma ni kilo 7,850, itakujibu: kilo 23.7. Weka mwingine wa milimita 30 katikati yake, kisha amuru "toa". Tundu hilo hapo, na uzito umeshuka mpaka kilo 20.3. Yaani uzito umepungua asilimia 14, lakini nguvu ya kuhimili kusokotwa imepungua asilimia 2 tu, kwa sababu chuma cha katikati hakibebi mzigo mkubwa. Umejua yote hayo bila kuharibu hata kipande kimoja cha chuma.

Basi nikabeba shafti na kalipa mpaka kwa mzee mmoja mjini, fundi wa kuchonga vyuma. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Kabla sijapima akanishika mkono: "Mwanangu, hapo utapima kilichobaki. Shafti yenyewe hujaiona bado."

Akanipeleka taratibu. Msokoto wa mwanzo, mbegu zinapoingia, haujalika sana, pima huo. Wa mwisho kwenye mbano ndio umekwisha, huo usiuamini. Pale panapokaa beringi asipime mtu, soma namba ya beringi: 6208. Tarakimu mbili za mwisho, 08, zidisha kwa 5, tundu lake ni milimita 40. Wee acha tu!

Usiku nikaingiza vipimo kwenye FreeCAD, ambayo ni ya bure. Kila kipimo nimekiandikia kimetoka wapi: hiki kwenye msokoto wa mwanzo, hiki kwenye namba ya beringi. Maana kompyuta ingekubali vipimo vya shafti iliyolika bila kunung'unika, na ingenitengenezea umbo safi kabisa la kitu kibovu. Inajua chuma kinaishia wapi leo. Kilikuwa kinaishia wapi zamani, anajua mzee.

Na mzee hana mwanafunzi hata mmoja. Vijana hawakai pale, anasema. Ndio maana faili hili sitaki libaki kwenye laptopu yangu peke yake, nakala moja ya karatasi nimembandikia ukutani karakana.

Chuma kimeshaanza kuchongwa, keshokutwa tunafunga. Wenzangu mnaokwenda mafunzo kwa vitendo, kabla hujawasha programu tafuta mtu wa namna hii, kaa naye, uliza.

Tuko pamoja.