Mtu wa 61,741,121

Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mjini Dodoma, tarehe 31 Oktoba 2022, kwamba Sensa ya Watu na Makazi imehesabu watu 61,741,120, baba yangu mdogo, mvuvi wa Matema, hakuiamini ile sifuri ya mwisho. “Mwalimu,” aliniambia nilipokwenda Kyela kumsalimu, “watu hawaishii kwenye sifuri. Hiyo wamekadiria.”

Nilimjibu kwa majivuno ya kazi yangu. Katika kila namba kumi zinazofuatana, moja lazima iishie na sifuri. Hilo peke yake si ushahidi wa lolote. Nikachukua kalamu, nikaigawanya namba ile mpaka ikakataa kugawanyika: 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Milioni sitini na mbili kamili, namba ya kukadiria hasa, ingebeba 5 mara sita; hii inayo moja tu.

Nilipoiona 641 nilisahau hata chai. Ni namba tasa ambayo Leonhard Euler aliitumia mwaka 1732 kuonyesha kwamba 4,294,967,297 inagawanyika, ilhali Pierre de Fermat aliamini kuwa ni tasa. Neno la mtu mkubwa lilidumu karibu karne nzima, likaja kuangushwa na mgawanyo ambao mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuuhakiki. (Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwa nini kisa hiki kinanipendeza.)

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Na mimi nimo?”

Usiku wa kuamkia 23 Agosti, usiku wa sensa, alikuwa ziwani na taa zake akivua usipa. Karani alipofika nyumbani, aliyehojiwa ni mama mdogo, na yeye mvuvi alikuwa bado ufukweni akianika. Hapo vigawo vyangu vyote havikuwa na jibu. Namba yaweza kugawanyika vizuri na bado ikawa na pengo. Hata ya kubuni ina vigawo vyake.

Nilichoweza kufanya ni kumwongeza. 61,741,121 ni 13 × 4,749,317. Ile 7 imetoweka, 43 imetoweka, 641 ya Euler imetoweka, na hata 2 haimo tena. Ndivyo zilivyo namba mbili zozote zinazofuatana: hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Katika asilimia za wapangaji wa bajeti, mvuvi mmoja wa Matema hatikisi hata desimali ya tano. Katika vigawo, akiingia yeye, hakibaki hata kimoja cha zamani.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: “Mama, hebu kumbuka vizuri. Yule karani ulimwambia tuko wangapi?”