Yale Yaitwayo Meno ya Nailoni

Dominika moja, Misa ikiisha kusomwa, mama mmoja wa huku Baraka alitungoja chini ya mwembe, mtoto mgongoni. Alitaka kujua siku ya ubatizo. Tulipomtazama mtoto, ambaye umri wake ni kama miezi mitano, tuliona midomo imevimba na kitambaa kina damu. Tukauliza amepatwa na nini. Akajibu kwa utulivu: "Alikuwa na homa na kuhara, mwalimu. Bibi jirani akamfungua kinywa akaona meno mabaya. Ameyatoa. Sasa atapona."

Hatukumkaripia. Tungemkaripiaje? Nyumbani kwetu tulikuwa karibu kufanya vile vile. Mtoto wetu wa kwanza alipowaka homa, mkwe wetu alitia kidole kinywani mwake akasema, "Baba, njoo uone, yapo." Na kweli tuliona vivimbe viwili vyeupe katika ufizi wa juu. Sisi tuliosoma seminarini miaka kadha tulijua Kilatini cha kutosha, lakini habari za ufizi wa mtoto hatukujua hata neno moja. Yule mtoa meno alikaa ng'ambo ya mto Mutambala. Usiku ule mvua ilinyesha sana, mto ukajaa, hakuna aliyevuka. Asubuhi tukampeleka mtoto hospitali. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria. Akapewa dawa, na siku ya tatu akacheka. Vile vivimbe vilikuwa palepale, hakuna aliyevigusa.

Basi, vivimbe hivyo ni nini? Ni meno ya chonge ya utotoni, ambayo bado yamo ndani ya ufizi. Hayo hayatoki upesi kama meno ya mbele. Hutoka mtoto afikapo miezi 16 hadi 22. Kila mtoto anayo, mzima na mgonjwa. Tanzania watu huyaita meno ya nailoni, na Uganda huitwa ebiino. Sisi wenyewe tulivushwa ziwa tungali wadogo wakati wa vita vya mwaka 1996, na jina hilo la nailoni tulilisikia huko kambini Nyarugusu kabla hatujajua kusoma.

Mtu akichokoa ufizi kwa kisu au kwa waya wa baiskeli, hatoi ugonjwa. Atoa jino changa, tena mara nyingi huharibu na mbegu ya jino la ukubwani iliyo karibu nalo, hata mtoto akifika miaka 10 au 12 chonge litoke limepinda, au lisitoke kabisa. Hayo ni madogo. Damu ya mtoto mchanga ni kidogo; ikimwagika sana hufa. Pepopunda huingia kwa chuma kichafu, na virusi vya UKIMWI huweza kuhama toka mtoto hata mtoto. Na wakati huo wote malaria, au maji machafu yaliyoleta kuhara, yaendelea na kazi yake. Sisi wa Baraka na Fizi twakijua kipindupindu. Hakikai katika ufizi.

Mbona watu huamini? Kwa sababu homa nyingine hupoa yenyewe, na sifa humwendea mwenye kisu. Mtoto akifa, husemwa, "Mmechelewa kumleta." Hivyo mwenye kisu hashindwi kamwe.

Yanayooza meno ya watoto ni mengine: bomboni, biskuti, na chai yenye sukari nyingi wanyweshwayo mpaka usingizini. Yafaa kusugua tangu jino la kwanza, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele, na baada ya miaka 3 kiasi cha njegere. Asiye na mswaki wa duka atafune kijiti mpaka ncha yake iwe laini. Tena wazazi waangalie jino kubwa litokalo nyuma kabisa mtoto awapo na miaka 6. Wengi huliacha lioze wakidhani litang'oka kama mengine. Halina mrithi hilo.

Yule mama tulikwenda naye hospitali Dominika ile ile. Kidonda kikasafishwa, na damu ikapimwa: malaria. Njiani kurudi alikaa kimya, kisha akauliza, "Na bibi yule nimwambie nini?" Tukamjibu amwachie mwalimu. Bibi mwenyewe ni Mkristu wetu, huketi benchi la pili, na hakupokea hata faranga moja kwa kazi yake. Alitaka mtoto apone. Jumamosi tutakwenda kwake pamoja na mtoto wetu, ambaye sasa ana miaka 4 na hutafuna ndakala kavu na vichwa vyake. Tutamwomba bibi amfungue kinywa, aangalie juu, kulia na kushoto.