Ugonjwa unaofichwa na haya

Yako magonjwa tunayoyatangaza mara moja, kama homa na kikohozi. Yako na mengine tunayoyafunika kwa nguo na kwa kimya. Leo nataka kusema nanyi habari ya mmoja wa namna hii ya pili, unaowapata watoto katika ngozi inayozunguka tundu la haja kubwa. Msicheke, wala msione haya. Wazee walisema: Mficha uchi hazai.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka sita ambaye hakuweza kutulia juu ya benchi. Alijisogeza huku na huku, akajikuna, na wenzake wakamcheka. Nyumbani alikuwa akizuia choo siku tatu, nne, kisha akienda analia. Jamaa wengine walisema ni mkaidi, wengine walisema ni minyoo. Alinyweshwa dawa ya minyoo mara mbili, akapakwa mafuta ya kila namna, na bibi yake alikuwa tayari kumpitishia nyuma maji ya pilipili. Mama yake akaja kwangu, akasema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, mtoto huyu amenishinda. Hata nguo yake ina damu.» Nikamwuliza: «Mama, umeitazama ngozi yenyewe?» Akajibu: «Ni nyekundu, ina majimaji, na wekundu una mpaka kama umechorwa.» Nikamsihi amfikishe kwa mganga kabla ya pilipili.

Mganga alipangusa mahali pale kwa pamba ya kijiti, akaituma labo, akiandika wazi kwamba watafute streptokoki, kwa maana kupima choo kwa desturi hakuonyeshi mdudu huyo. Akapatikana. Ndiye streptokoki wa kundi A, yule yule aletaye maumivu ya koo. Hudhaniwa kwamba vidole vya mtoto humchukua toka kinywani na puani hata huko chini. Waganga watatu wa Marekani, Amren, Anderson na Wannamaker, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1966. Huwapata hasa watoto wa tangu miezi 6 hata miaka 10, na mara nyingi hauna homa. Ndiyo sababu watu huudharau.

Tujifunze kupambanua. Minyoo midogo huwasha zaidi usiku, na pengine huonekana, myeupe kama nyuzi. Ugonjwa wa kuvu hutawanya vipele vidogo nje ya mpaka wa wekundu. Streptokoki huacha wekundu wenye mpaka, maumivu wakati wa choo, na pengine nyufa zenye damu. Kwenye ngozi nyeusi sana wekundu waweza kufifia. Basi tazameni uchungu na unyevu pia. Mtoto azuiaye choo huenda haasi: anaogopa kuumia. Fimbo haitamponya.

Dawa yake ni penisilini au amoksisilini ya kunywa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto kama alivyoagiza mganga, kwa kawaida siku 10. Mafuta peke yake mara nyingi hayatoshi, na yale ya kotizoni huficha ugonjwa bila kuua mdudu. Maumivu hupungua baada ya siku chache, na hapo ndipo wazazi wengi huweka vidonge vilivyobaki kabatini. Msifanye hivyo! Ugonjwa huu hupenda kurudi, hata kwa waliomaliza dawa. Kila mtoto awe na kitambaa chake cha kujipangusia, wasioge katika beseni moja, wanawe mikono kwa sabuni. Na ndugu zake wenye koo au ngozi inayouma wapimwe pia. Majuma yanayofuata, mkiona mkojo wa rangi ya chai au uso uliovimba, rudini kwa mganga upesi, maana streptokoki aweza kudhuru mafigo.

Wazazi, wafundisheni watoto jina la kila kiungo cha mwili wao, walitamke kwa heshima na bila woga. Mtoto aliyezoezwa kwamba sehemu ile haitajwi, ataumwa miezi mingi karibu na mama ampendaye, wala hatasema neno. Naye mama akiambiwa, asiahirishe: achukue taa, atazame.