Kuchagua Gango la Goti

Tangu nirudi shuleni muhula huu haipiti siku bila mtu kuniuliza habari za kile chuma nilichokuwa nikikifunga gotini. Wengine huuliza bei, wengine huuliza kama chaweza kumrudisha mtu uwanjani upesi, na wawili watatu wameniomba niwaazime. Nimeona ni heri niandike mara moja katika gazeti letu, wanafunzi wasome, na kaka zetu waliomaliza hapa wasome pia, maana nasikia magoti yao nayo yameanza kulalamika.

Kifaa hicho mimi nakiita gango la bawaba. Gango ni kitu cha kushikiza kiungo kilichoumia, na bawaba mnaijua, ni ile ya mlangoni. Kuna vipande viwili vya chuma, kimoja upande wa ndani wa mguu na kimoja upande wa nje, na kila kimoja kina bawaba penye goti ili mguu ukunjike mbele na nyuma lakini usiyumbe kwa kando.

Niliumia mwezi wa Februari tukicheza mpira na shule jirani. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekita ardhini, mlinzi wao akateleza akaniangukia kwa upande wa nje wa goti, goti likasukumwa kwa ndani. Hakukusudia, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniinua. Lakini nusu ya karo yangu hulipwa na msaada wa michezo, na msaada huo hupewa wale wanaocheza. Fainali ya wilaya ilikuwa imebaki wiki tano. Mama yangu huuza mtama sokoni Tororo, nasi tuko watoto watano. Kwa hiyo mjadala wa gango nyumbani kwetu ulikuwa mjadala wa karo.

Daktari alianza kwa kunieleza goti lilivyo. Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, na mifupa hiyo imefungwa kwa kano nne zilizo kubwa: moja upande wa ndani, moja upande wa nje, na mbili zinazopishana katikati kama msalaba. Akalikunja goti langu kidogo, kama nyuzi 30, akalisukuma kwa kando: likafunguka kidogo upande wa ndani, nami nikapiga kelele. Akalinyoosha kabisa akalisukuma tena, nalo likakaza. Akasema ni kano ya ndani, nayo imeumia kwa daraja la pili. Daraja la kwanza ni nyuzi chache kuvutika, wala goti halilegei. La pili ni kano kukatika sehemu. La tatu ni kukatika yote. Akaniambia nivae gango la bawaba wiki sita, na kwamba kano ya ndani, tofauti na zile za msalaba, mara nyingi hupona yenyewe bila kisu, mradi isivutwe kwa kando wakati inapojiunga.

Hapo ndipo alipoingia mjomba. Mjomba wangu ni sajini mstaafu wa jeshi, na kwake yeye neno la mwisho katika kila jambo ni chuma. Tulipanda basi alfajiri kwenda Kampala, mguu wangu nimeunyoosha njiani katikati ya viti hata kila abiria akaurukia, tukavuka Mto Nile kwa lile daraja la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018 (mjomba akalisifu pia, kwa kuwa lina nyaya nyingi za chuma), tukafika dukani karibu saa sita. Mama mwenye duka akatuwekea magango mezani, mmoja baada ya mwingine.

La kwanza lilikuwa kama soksi bila kanyagio, la mpira laini. Hilo hutia joto na kubana uvimbe kidogo, na mtu hujihisi salama akilivaa, lakini mifupa halishiki. Linamfaa mwenye maumivu madogo ambaye kano zake ni nzima. La pili lilikuwa limefanana nalo, ila lilikuwa na springi nyembamba zilizoshonwa pande zote mbili. Hapa wengi hudanganyika, maana ukilipapasa wasikia chuma. Lakini springi hujipinda kila upande, nayo si bawaba.

La tatu ndilo lenye bawaba za kweli, limefunguka mbele ili mtu mwenye goti lililovimba asilazimike kulivuta kutoka unyayoni, na lina mikanda minne ya kunata. La nne lilikuwa fremu ngumu tupu, nyepesi lakini haijipindi, lenye bawaba nene na mikanda juu na chini. Kulikuwa na la tano pia, refu kutoka juu ya paja mpaka karibu na kifundo cha mguu, lenye gurudumu dogo la kuwekea nyuzi, kwamba goti likunjike mpaka 30, au 60, au 90, na lisizidi hapo. Hilo ni la waliotoka kupasuliwa, au walioumia vibaya sana. Wazee wenye goti lililolika upande mmoja nao wana lao, linalosukuma uzito uende upande ulio mzima, lakini hilo halikuwapo dukani siku ile.

Mjomba akalishika la nne, akaligonga kwa kidole. “Hili hapa. Hili litakurudisha uwanjani kwa wiki tatu.”

“Afande,” akasema mama wa duka, “huyu kijana ameumia kano gani?”

Mjomba akanitazama mimi. Nikasema ni ya ndani, daraja la pili. Akasema fremu ile hutumiwa hasa na wale ambao kano yao ya msalaba ya mbele imekatika, ambao goti huwaponyoka wanapogeuka ghafula. Tena hata kwao haifanyi kazi ya kano, husaidia tu. “Kwa hili lako, la tatu latosha.” Bei ya la nne ilikuwa karibu sawa na karo ya muhula mzima, naye alikuwa anatushauri kununua lile la bei ndogo. Nilimwamini tangu hapo.

Lakini mjomba si mtu wa kushindwa mara moja. Akasema amewaona Wamarekani katika televisheni, wale wa mpira wao wa kugongana, wamevaa vyuma magotini na bado wanakimbia. Ni kweli. Joe Namath alicheza na gango la namna hiyo lililotengenezwa New York, na timu yake ikashinda Super Bowl ya Januari 1969. Tena kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990, uliofanywa kwa vijana wa chuo cha jeshi cha West Point: waliovaa magango ya bawaba wakiwa wazima waliumia magoti mara chache kuliko wasiovaa, ila faida hiyo ilionekana kwa wachezaji wa ulinzi, si kwa washambuliaji. Haya nimeyasoma baadaye. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba mimi sikuwa mzima, na chuma kigumu kisingeifanya kano ijiunge kwa wiki tatu badala ya sita.

Lililommaliza mjomba ni futikamba. Mama wa duka alinisimamisha, akanipima mzingo wa mguu mahali patatu: katikati ya pia ya goti, kisha sentimita 15 juu yake, kisha sentimita 15 chini yake. Alinitaka nikunje kaptura, kwa sababu nguo huongeza kipimo. Kisha akaupima mguu wa kushoto vilevile. Penye goti, mguu wa kulia ulizidi kwa sentimita tatu. “Huo ni uvimbe,” akasema, “nao utaondoka. Fremu ngumu ikichaguliwa kwa mguu uliovimba, baada ya wiki mbili itacheza. La mikanda utalikaza.” Mjomba alifanya kazi ya stoo ya sare jeshini miaka mingi, na habari za vipimo vya kucheza anazijua. Akatoa fedha kimya kimya, tukanunua la tatu.

Sasa niseme juu ya kulivaa, kwa kuwa gango zuri likivaliwa vibaya ni mzigo tu. Katikati ya bawaba iwe sawa na katikati ya pia ya goti, na isogee nyuma kidogo, isikae mbele. Goti halizunguki mahali pamoja kama mlango: mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya wa chini, ndiyo sababu bawaba nyingine zimetengenezwa na meno mawili yanayofuatana ili ziige mwendo huo. Bawaba ikishuka kwa vidole viwili, kila hatua gango huvuta upande wake na goti upande wake. Mimi nilifundishwa kukaa, nikunje goti, nianze na mkanda ulio juu ya shavu la mguu, maana huo ndio unaolizuia lisiteleze, kisha mingine. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda. Vidole vya mguu vikiwa baridi au ganzi, legeza. Shavu la mguu likivimba na kuuma, usingoje kesho, nenda kwa daktari. Ndani lisuguliwe kwa sabuni na kuanikwa kivulini. Bwenini kwetu wenzangu wanaweza kushuhudia harufu ya juma la kwanza, kabla sijaambiwa.

Na mazoezi. Wiki ya tatu paja langu la kulia lilikuwa limekonda hata kwa macho, kwa kuwa misuli isiyofanya kazi husinyaa upesi. Kila asubuhi kabla ya kengele nilikaza paja na kuinua mguu ulionyooka, mara kumi, mapumziko, mara kumi tena. Kazi hiyo haina sifa yoyote, wala hakuna anayekupigia makofi.

Wachezaji wa raga wasisahau kwamba sheria za mchezo wao zinakataza kuvaa uwanjani kitu chenye bawaba au sehemu ngumu. Wanaruhusiwa vya mpira laini tu. Katika mpira wa miguu mwamuzi ndiye aamuaye kama kifaa ni hatari kwa wengine. Kwa hiyo hata lile la nne la mjomba huenda lingeishia mstarini.

Fainali ilichezwa nikiwa nimekaa kwenye benchi na gango langu. Tulishinda moja kwa bila. Nilishangilia, na usiku sikulala. Mwisho wa muhula nilipunguziwa msaada wangu kwa nusu, kwa kuwa sikucheza, na mama akauza mbuzi wawili. Mjomba alilipa yaliyobaki, akaniambia kwamba fedha hizo zingekuwa zimeisha kwa ile fremu. Daktari amenipima tena kwa namna ileile, goti limekaza, nami nakimbia kuzunguka uwanja bila gango tangu wiki mbili zilizopita. Majaribio ya timu ni mwezi ujao.

Juzi alinijia mvulana wa kidato cha pili, goti limemvimba, anataka kuazima. Nilimpima paja: sentimita 38, na langu ni 49. Tulilifunga, akatembea hatua sita, likamshuka mpaka katikati ya muundi. Nikamuuliza aliumia namna gani. Akasema alisikia kitu kikilia “pa!” ndani ya goti, nalo likavimba palepale, na sasa halinyooki hadi mwisho. Nikamwambia huyo si mtu wa kwenda dukani wala wa kuazima chochote, na tukaenda pamoja kwa mwalimu wa michezo. Kesho asubuhi anapelekwa hospitali.