Homa ya Kwetu na Homa ya Hapa

Mimi nimekulia Kakuma, kwa hiyo Kiswahili changu ni mchanganyiko: nyumbani cha Kivu, shuleni cha Kenya. Nilidhani ni kitu kimoja tu, mpaka ile siku mama jirani aliniomba nimsindikize kliniki na mtoto wake, nikamtafsirie.

Akasema, "Mutoto iko na homa, tangu juzi." Mimi nikamwambia nesi kwa Kiingereza kwamba mtoto ana mafua. Si ndivyo tunavyosema hapa? Mwanafunzi akiwa na homa, anapiga chafya na pua inatiririka. Lakini kwetu homa ni mwili kuwaka moto. Foleni ilikuwa ndefu, tukapewa dawa ya maji, tukarudi. Usiku mtoto akaanza kutetemeka. Asubuhi akatobolewa kidole: malaria. Alipona, asante Mungu. Mama hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inanisumbua zaidi.

Tangu hapo nasikiliza maneno. Mkongomani akikuambia "kichwa inaniluma", hakuna mdudu aliyemng'ata, kichwa kinamuuma tu. Hilo ni rahisi. Gumu ni "nimechoka". Kijana akitoka mpirani anasema nimechoka, maana yake anataka maji na kivuli. Kuna mzee kwenye bloku yetu, ukimuuliza habari za asubuhi anajibu "nimechoka", na ni saa moja, hata uji hajanywa. Huyo hachoki miguu.

Vijana wa kikundi changu wakisema "nimechoka na hii maisha" zamani nilikuwa nacheka, kwa sababu kila mtu hapa anasema hivyo, hata mimi mgao ukichelewa. Sasa nauliza: umechoka wapi, mwili ama roho? Mmoja alinyamaza sana, alafu akasema, "Bro, mi silali." Tukakaa pale nyuma ya uwanja mpaka giza likaingia. Ninyi wa mashirika mnaoandika "uchovu" kwenye fomu, naomba muulize swali moja zaidi kabla ya kufunga kalamu.

Yule mama bado ananiita nikamtafsirie. Juzi kliniki alisema "homa", akanigeukia, akaniangalia usoni, akaongeza pole pole: "Ile ya moto, mwanangu."